Gari la zamani likivuja: Tafuta maji yanapoingilia kabla ya kuziba

MVUA za masika zinapoanza, familia nyingi zenye gari la zamani huanza kuzoea mambo yasiyopaswa kuzoeleka. Magazeti hutandikwa sakafuni. Vioo huachwa wazi kidogo jua likitoka ili harufu ipungue. Mtoto anayekaa kiti cha nyuma huambiwa apandishe miguu ili viatu vya shule visilowe. Swali la gari linavujia wapi huahirishwa mpaka kiangazi, na kiangazi kikifika hakuna anayelikumbuka kwa sababu zulia limekauka.

Tatizo ni kwamba zulia linaweza kukauka juu huku chini yake kukiwa bado na maji. Katika magari ya miaka ya 1960 na 1970, chini ya zulia kuna tabaka la kuzuia kelele na joto, na tabaka hilo hunyonya maji kama sifongo. Chuma kilicho chini yake hubaki na unyevu kwa wiki kadhaa, jua liwake lisiwake. Bandu bandu huisha gogo, na sakafu ya gari huisha hivyo hivyo.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kutafuta uvujaji haihitaji vifaa vya gharama. Inahitaji mpira wa maji, tochi, magazeti makavu, watu wawili na subira ya siku moja ya mapumziko. Familia inayofahamu maji yanapoingilia haimlipi fundi kwa kazi ya kubahatisha.

Mfano mzuri ni Volkswagen Beetle, gari dogo la mgongo wa mviringo ambalo wazazi wengi wa Afrika Mashariki waliliona likitumiwa na walimu, wamisionari na watumishi wa serikali. Gari hilo lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, kupitia barabara za vumbi na matope. Lilipoacha kutengenezwa huko Puebla, Mexico, Julai 30, 2003, yalikuwa yamekwisha kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Baadhi yake bado yanatembea, mengine yakiwa yamerithiwa kutoka kwa babu, na karibu yote yanavuja mahali fulani.

Kwa nini jambo hili linamhusu mzazi

La kwanza ni afya ya watoto. Penye unyevu wa muda mrefu huota ukungu, na ukungu hurusha vijimbegu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, likaeleza uhusiano wake na kukohoa, kubanwa kifua na pumu. Gari ni chumba kidogo kuliko chumba chochote cha nyumba, na mvua ikinyesha vioo hufungwa. Mtoto mwenye pumu anayekohoa kila akipanda gari, kisha akatulia akishuka, anawapa wazazi wake taarifa kuhusu lile zulia.

La pili ni uimara wa gari lenyewe. Katika Beetle, sakafu imefungwa kwenye uti wa katikati na kwenye kingo ndefu zilizo chini ya milango. Kingo hizo zina kazi mbili: zinabeba mwili wa gari, na ndani yake zina njia ya kupitisha hewa ya joto kutoka kwenye injini iliyo nyuma. Zikiliwa na kutu, gari hulegea. Dalili mojawapo ni mlango ambao zamani ulifungwa vizuri lakini sasa unagonga au unahitaji kuinuliwa kidogo. Viti na mikanda ya usalama navyo vinashikiliwa na chuma hicho cha chini. Mkanda mpya uliofungwa kwenye chuma kilichooza haumlindi mtu.

La tatu wazazi wengi hawalifahamu. Betri ya Beetle iko ndani ya gari, chini ya kiti cha nyuma, yaani chini ya watoto. Maji yakituama hapo, yakichanganyika na tindikali inayotoka kwenye betri, sakafu huoza haraka. Na kama kifuniko cha betri kimepotea, springi za chuma za kiti zinaweza kugusa vichwa vya betri wakati mtu mzito amekaa au watoto wanarukaruka. Cheche zikitokea hapo, kiti kinaweza kushika moto. Mzazi mwenye gari la aina hiyo anaweza kuinua kiti cha nyuma leo hii na kuangalia kama kifuniko kipo, betri imefungwa isisogee, na chuma kilicho chini yake bado ni kigumu.

Je, ni maji kweli?

Kabla ya kutafuta tundu, ni lazima kufahamu kilichomwagika. Tishu nyeupe au kitambaa cheupe hutosha. Kikibonyezwa kwenye zulia, maji ya mvua huacha unyevu usio na utelezi, labda na vumbi tu.

Kimiminika chenye utelezi karibu na pedali kinaweza kuwa mafuta ya breki au ya klachi. Magari mengi ya zamani yenye klachi ya mafuta, kama vile Land Rover za kizamani, huvujia hapo hapo miguuni mwa dereva. Gari lenye dalili hiyo halipaswi kutembea mpaka breki zikaguliwe.

Kimiminika kinachonata kidogo, chenye harufu kama ya sukari na rangi ya kijani au nyingine, huweza kuwa maji ya rejeta yaliyotiwa dawa. Katika magari kama Peugeot 504, maji hayo ya moto hupita kwenye kipasha joto kilicho nyuma ya dashibodi, na kipasha joto hicho kikitoboka humwaga maji kwenye zulia la mbele hata wakati wa kiangazi. Dawa hiyo ni sumu kwa watoto na wanyama, hivyo zulia hilo lisiachwe mahali mtoto anapotambaa. Beetle haina tatizo hilo kwa kuwa injini yake hupozwa kwa upepo na haina rejeta kabisa.

Hata hivyo, Beetle ina maji yake yasiyo ya mvua. Katika nyingi kati yake, maji ya kusafishia kioo cha mbele husukumwa na upepo wa tairi la akiba, nayo hupita kwenye vijimpira vyembamba hadi nyuma ya dashibodi. Kijimpira kikipasuka, dereva hulowa miguu siku ya jua kali na kuanza kulaumu raba ya kioo isiyo na hatia.

Ikisikika harufu ya petroli, kazi yote isimame. Tanki la Beetle liko mbele, chini ya boneti, karibu na miguu ya abiria. Hakuna kuwasha kiberiti wala sigara, watoto wakae mbali na gari, na fundi aitwe akague tanki na mipira yake.

Maswali manne yanayopunguza kazi

Familia inayotumia gari kila siku ina taarifa nyingi kuliko fundi atakayeliona kwa saa moja. Inafaa watu wote wa nyumbani waulizwe, hata watoto, maana wao ndio wanaokaa nyuma.

Swali la kwanza: gari hulowa likiwa limeegeshwa, au likiwa linatembea tu? Linalolowa likiwa limeegeshwa linaingiza maji kutoka juu, yaani kwenye vioo, milango au boneti. Linalolowa likipita kwenye madimbwi tu lina tundu chini, kwani magurudumu hurusha maji kwenye sakafu.

Swali la pili: hulowa wapi kwanza? Pembeni karibu na mlango, mbele chini ya dashibodi, au nyuma ya kiti cha nyuma?

Swali la tatu: gari huegeshwa vipi? Likiegeshwa kwenye mteremko pua ikiwa juu, maji yaliyoingilia mbele hutiririka hadi nyuma. Ndiyo sababu dimbwi la nyuma si ushahidi kwamba tundu liko nyuma.

Swali la nne: ni kitu gani kilifanywa kabla ya uvujaji kuanza? Mara nyingi jibu ni kwamba kioo kilibadilishwa, spika za redio zilifungwa mlangoni, au gari lilipakwa rangi. Kila moja ya kazi hizo hugusa raba au nailoni inayozuia maji.

Kukausha kwanza, kutafuta baadaye

Gari lenye maji ya zamani haliwezi kuonyesha maji mapya. Kwa hiyo siku moja au mbili kabla ya jaribio, viti vya mbele, kiti cha nyuma na mazulia yote hutolewa. Waya wa hasi wa betri hufunguliwa kwanza, kwa usalama. Mazulia huanikwa juani, yakigeuzwa pande zote mbili. Tabaka la chini lililoota ukungu au linalonuka hata baada ya kukauka ni bora litupwe. Kulirudisha ni kurudisha ugonjwa.

Anayesugua ukungu avae glavu na kufunika pua na mdomo, na watoto wasiwepo karibu. Sabuni na maji ya uvuguvugu hufanya kazi nzuri kwenye chuma na plastiki. Wapo wanaochanganya jiki na siki wakidhani dawa itakuwa kali zaidi. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu, na ndani ya gari lililofungwa ni hatari kubwa.

Sakafu ikiwa wazi, tochi huonyesha mengi hata kabla ya maji kumwagwa. Michirizi ya kutu, vumbi lililotengeneza mstari na rangi iliyofura ni njia ambazo maji yamekuwa yakipita kwa miaka. Kuzifuata kwa kidole kuelekea juu mara nyingine humaliza nusu ya upelelezi.

Jaribio la mpira wa maji

Mtu mmoja mzima huingia ndani na tochi, milango na vioo vikiwa vimefungwa. Magazeti makavu hutandikwa sakafuni, chini ya dashibodi na nyuma ya kiti cha nyuma, kwa sababu gazeti huonyesha tone dogo mara moja. Poda ya mtoto ikinyunyizwa kwenye chuma nayo huchora njia ya maji.

Mtu wa pili hukaa nje na mpira wa maji. Maji yasiwe ya kasi. Yatiririke polepole kama mvua ya kawaida. Mashine ya kuoshea magari husukuma maji kwa nguvu isiyo ya mvua, ikapitisha maji hata kwenye raba nzima na kumpotosha mtafutaji.

Kanuni kubwa ni kuanza chini na kupanda juu. Hulowanishwa kwanza sehemu ya chini ya mlango kwa dakika chache, kisha katikati ya mlango, kisha dirisha, kisha kioo cha mbele kuanzia pembe za chini, na mwisho kabisa paa. Anayeanza na paa hulowanisha kila kitu kwa pamoja, na tone likionekana ndani hajui limetoka wapi. Aliye ndani anapoona tone, maji husimamishwa, mahali huwekwa alama ya chaki, na jaribio huendelea upande mwingine. Gari la zamani huwa na tundu zaidi ya moja.

Kijana wa miaka kumi na zaidi anaweza kuwa msaidizi mzuri wa kazi hii: macho yake ni makali na anaingia mahali ambapo baba haingii. Lakini asiachwe peke yake ndani ya gari lililofungwa, na ufunguo ubaki mfukoni mwa mtu mzima. Gari lililosimama juani hupata joto kali kwa muda mfupi sana.

Milango imeumbwa iingize maji

Watu wengi hushangaa wakiambiwa kwamba mlango wa gari huingiza maji siku zote, hata mlango mpya. Kioo kinachopanda na kushuka hakiwezi kuzibwa kabisa, hivyo maji kidogo huteremka nacho hadi ndani ya mlango. Kiwanda kiliyaandalia njia ya kutoka: matundu madogo yaliyo chini ya mlango. Nyuma ya ubao wa ndani wa mlango huwekwa nailoni au karatasi yenye nta ili maji hayo yasiguse ubao bali yateremke kwenye matundu.

Mambo mawili huharibu mpango huo. Matundu huziba kwa vumbi, majani na rangi, mlango ukageuka ndoo. Au fundi wa redio huchana nailoni akifunga spika na kuiacha ikining'inia. Maji hapo hulowanisha ubao, hutokea chini yake na kuingia kwenye zulia.

Tiba yake ni rahisi. Matundu huzibuliwa kwa kijiti, si kwa chuma chenye ncha kinachokwangua rangi. Nailoni nzito hukatwa kwa kipimo cha mlango na kubandikwa kwa gundi laini isiyokauka, ncha yake ya chini ikiingizwa ndani ya mlango ili maji yarudi ndani na kushuka kwenye matundu. Raba inayozunguka mlango hupimwa kwa noti au kipande cha karatasi: karatasi hubanwa mlangoni na kuvutwa. Ikitoka bila kukaza, raba imelala mahali hapo, au bawaba za mlango zimechoka na mlango umeshuka.

Kioo cha mbele na mizimu ya umeme

Katika magari mengi ya kisasa kioo cha mbele hubandikwa kwa gundi. Katika Beetle na magari ya rika lake hushikiliwa na raba peke yake. Jua huikausha raba hiyo, ikawa ngumu na kupasuka pembeni. Maji huingia kati ya raba na kioo, au kati ya raba na chuma, hutembea chini ya raba bila kuonekana, kisha hushukia nyuma ya dashibodi.

Huko kuna nyaya na fyuzi. Gari ambalo wipa zake hukataa kufanya kazi siku ya mvua tu, au indiketa zake huwaka zinavyotaka, mara nyingi halina mizimu. Lina maji kwenye fyuzi. Kwa familia inayorudi nyumbani usiku mvua ikinyesha, kukatika kwa wipa au taa si jambo dogo.

Raba iliyokakamaa hubadilishwa. Kioo kikitolewa, fremu ya chuma iliyokuwa chini ya raba ikaguliwe, maana kutu hujificha hapo. Kufunga raba mpya juu ya chuma kilichoota kutu ni kununua uvujaji mwingine baada ya muda mfupi.

Buti la mbele na kioo cha nyuma

Beetle hubeba mizigo mbele. Raba inayozunguka boneti ikilegea, maji hujaa kwenye shimo la tairi la akiba. Magari yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 1968 yana pia matundu ya kuingizia hewa safi mbele ya kioo, na chini yake kuna kisanduku chenye mpira mdogo wa kumwaga maji. Gari linaloegeshwa chini ya mwembe au mkungu huziba mpira huo kwa majani na maua, na kisanduku kikijaa humwaga maji ndani. Kuuondoa mpira na kuupitisha maji mpaka yatoke safi ni kazi ya dakika kumi isiyohitaji fedha.

Nyuma, raba ya kioo cha nyuma ikivuja, maji hushukia sehemu ya mizigo iliyo nyuma ya kiti, kisha hupenya hadi chini ya kiti, penye betri. Mzazi hataona dimbwi lolote. Ataona tu kwamba betri haidumu na kuna harufu kali akiinua kiti.

Silikoni si dawa ya kila tundu

Kosa linalogharimu familia nyingi ni kununua mrija wa silikoni na kupaka kila mahali panapotiliwa shaka. Mambo matatu hutokea. Kwanza, silikoni ya bafuni yenye harufu ya siki hutoa tindikali inapokauka, na tindikali hiyo huchochea kutu kwenye chuma. Pili, rangi haishiki juu ya silikoni, na fundi rangi atakayekuja baadaye atatumia muda mrefu kuikwangua. Tatu, lililo baya zaidi, mpakaji huziba matundu ya kutolea maji. Gari likishaingiza maji na kuyakosesha njia ya kutoka, huoza upesi kuliko lilivyokuwa likivuja.

Kwa raba ambayo bado ni laini lakini imeachia kidogo, hutumika gundi ya kuzibia vioo vya magari ambayo haikauki na kuwa ngumu, ikipenyezwa chini ya mdomo wa raba. Baada ya kila sehemu kutengenezwa, jaribio la maji hurudiwa hapo hapo kabla ya kwenda sehemu nyingine. Mwenye haraka akitengeneza sehemu tano kwa wakati mmoja hatajua ipi ilikuwa na tatizo.

Kutu iliyokwisha kuingia

Sakafu ikiwa kavu, bisibisi butu husaidia kupima. Chuma kikibonyezwa kikatoa sauti kavu na kubaki kigumu, kutu ni ya juu tu. Husuguliwa kwa brashi ya waya, hupakwa praima ya kuzuia kutu na rangi. Bisibisi ikizama au ikitokea upande wa pili, chuma kimekwisha na kinahitaji kukatwa na kuchomelewa kipya.

Kuweka puti au kupaka lami nyeusi juu ya kutu mbichi hufanya gari lipendeze machoni tu. Maji hubaki yamefungiwa ndani na kazi ya kula chuma huendelea gizani. Na kwa kuwa tanki la Beetle liko mbele na betri iko ndani, fundi wa kuchomelea aondoe betri, na akifanya kazi sehemu ya mbele, tanki litolewe kabisa. Mazulia na viti visiwe ndani ya gari.

Kuzungumza na fundi

Mzazi asiyejua magari huogopa kuonekana mjinga gereji, hivyo hukubali kila anachoambiwa. Maneno machache hubadilisha mazungumzo. "Fundi, nionyeshe kwanza maji yanapoingilia," ni ombi la haki, na fundi mzuri halikasirikii. Akishaonyesha, makubaliano yawe ya kazi moja moja: raba ya kioo, kisha jaribio la maji mbele ya mwenye gari, kisha malipo.

Familia yenye bajeti ndogo inaweza kupanga kazi kwa hatari yake. Kwanza breki, petroli na kifuniko cha betri. Pili, chuma kilichoshika mikanda na viti, pamoja na kingo za chini ya milango. Tatu, maji yanayoshukia kwenye fyuzi. Nne, milango na mazulia. Zulia jipya ndilo liwe la mwisho kununuliwa, ingawa ndilo linalotamanisha kuliko yote. Kabla ya hapo, watoto wenye pumu wasafiri kwa njia nyingine inapowezekana.

Kwa wazazi wanaofikiria kununua gari la zamani, kanuni ni hizo hizo. Muuzaji aombwe ruhusa ya kuinua zulia, kiti cha nyuma na tairi la akiba. Zulia jipya kabisa ndani ya gari kuukuu, au manukato makali yaliyopuliziwa asubuhi hiyo, ni sababu ya kuangalia kwa makini zaidi. Muuzaji anayekataa zulia lisiinuliwe amekwisha kujibu.

Baada ya matengenezo, gari libaki bila mazulia mpaka mvua mbili au tatu kubwa zinyeshe. Kila asubuhi baada ya mvua, kiganja kikavu hupitishwa sakafuni, chini ya dashibodi na nyuma ya kiti. Pakiwa pakavu mara zote, mazulia hurudishwa. Kisha kila mwaka kabla ya vuli na kabla ya masika, matundu ya milango na mpira wa kisanduku cha hewa huzibuliwa tena. Kazi hiyo inaweza kukabidhiwa kwa mtoto mkubwa wa nyumba, ambaye atajifunza kuwa gari alilorithi baba yake hudumu kwa kuangaliwa, na kwamba maji hutafutwa yalipoingilia.